Kuongoza Kamera kwa Kompyuta: Programu Ipimwe Waya Ukiwa Umechomoka

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu katika kazi hii, dada zangu na kaka zangu mliofunga studio asubuhi ya Jumamosi, siku ambayo kila mmoja wetu anajua ina thamani gani kwa mpiga picha, nawashukuru kwa kufika hapa Mbeya. Kwa waliotoka Iringa na Njombe nasema kamwene. Kwa ndugu wa Rungwe na Kyela, ndaga fijo. Nimeombwa nizungumzie jambo moja, nalo ni namna ya kuchagua programu ya kuongozea kamera, yaani programu inayomwezesha mtu kukaa kwenye kompyuta, akaona kile lenzi inachokiona, akabadilisha kasi ya shata na uwazi wa lenzi, akapiga picha, na picha hiyo ikaingia yenyewe kwenye kompyuta bila mkono kugusa kamera wala kuchomoa kadi. Nitajitahidi nisitoke nje ya hapo, ingawa najua wapo ambao wangependa zaidi tuzungumzie bei za flashi.

Niseme kwanza kwamba si kila mmoja wetu anaihitaji. Anayepiga picha za paspoti Mwanjelwa, mteja akiwa ameketi mita moja na nusu mbele yake, hana sababu ya kujitafutia kazi ya ziada, na mpiga picha wa harusi anayemfuata bibi harusi kutoka garini hadi madhabahuni waya utamkwaza tu. Kazi zinazoidai programu ya namna hii ni chache, nami nitazitaja zile nilizozifanya mwenyewe. Ipo kazi ya kunakili vitabu vya zamani, ambapo kamera hufungwa juu ya meza ikitazama chini, na kioo chake kikawa juu, mahali usipoweza kukiona bila kupanda kiti. Ipo kazi ya mahafali, ambapo mhitimu na wazazi wake wanataka waione picha kwenye televisheni kabla joho halijavuliwa. Zipo picha za bidhaa, kama kahawa ya Mbozi au chai ya Rungwe iliyokwisha kutiwa kwenye pakiti, ambapo mwenye mali husimama begani kwako akisema lebo isogee kidogo. Na zipo picha za vipindi, yaani kamera inayojipigia kila baada ya dakika kadhaa kwa siku nyingi mfululizo, ili baadaye picha ziunganishwe kuwa filamu fupi.

Kazi ya kunakili ndiyo iliyonifundisha thamani ya jambo hili. Niliitwa kunakili rejista ya zamani ya ubatizo, kitabu cha kurasa mia tatu na kitu, karatasi zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, wino umefifia pembezoni, na mwenye kitabu alinipa siku moja tu. Ukipiga kwa kubonyeza kitufe cha kamera, stendi hutikisika kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, lakini ukija kuikuza picha unakuta jina la mtoto aliyebatizwa linasomeka na jina la msimamizi wake limeingia ukungu. Nilipounganisha kamera na kompyuta, mkono wa kushoto ulifunua ukurasa, wa kulia ukagusa kitufe kirefu cha nafasi, picha ikatokea kwenye kioo cha inchi 15, nikakuza pembe ya chini ambako wino ulikuwa hafifu, nikaridhika, nikafunua ukurasa unaofuata. Kazi niliyoitengea siku nzima ilikwisha kabla ya saa tisa alasiri, na sikurudia hata ukurasa mmoja.

Mtu akishaiona kazi ya namna hiyo huuliza papo hapo: programu gani ni nzuri? Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na kila mara nalijibu kwa maswali mawili: kamera yako ni ipi, na kompyuta yako inatumia mfumo gani? Wengine hudhani nawakwepa. Sababu yake ni kwamba programu haiongozi kamera kwa nguvu zake yenyewe. Yenyewe inaomba, na kamera ndiyo inayokubali au kukataa. Lugha ambayo kamera na kompyuta huzungumza kupitia waya wa USB inaitwa PTP, nayo ni kanuni ya kimataifa yenye namba ISO 15740. Kanuni hiyo inaeleza mambo ya msingi: nitajie picha zilizomo kwenye kadi, nipe ile, futa hii, piga nyingine. Lakini yale tunayoyataka sisi zaidi, kama kuona taswira ya moja kwa moja kwenye kompyuta, kusogeza fokasi hatua kwa hatua na kubadilisha mipangilio yote ya kamera, kila kiwanda kimeyaongeza kwa lahaja yake. Canon ana yake, Nikon ana yake, Sony ana yake. Ni kama Mnyakyusa na Mndali wakutanapo sokoni: bei wataelewana bila shida, lakini wakifika kwenye mambo ya ndani ya ukoo, kila mmoja anarudi kwao.

Ndiyo maana zipo kamera za bei ya chini ambazo kiwanda chenyewe hakikuzipa uwezo wa kuongozwa, au kiliupunguza. Unaichomeka, kompyuta inaitambua, picha zinanakiliwa vizuri, na hapo mwenye kamera anaamini mambo yamekwisha, kumbe kunakili picha na kuongoza kamera ni vitu viwili mbalimbali. Chukueni mfano wa libgphoto2, maktaba ya programu huria, yaani msingi wa bure ambao programu nyingine za kuongozea kamera hujengwa juu yake, ambayo watengenezaji wake wanataja zaidi ya aina 2,500 za kamera. Idadi hiyo si ya uongo, ila isomwe kwa makini, kwa sababu kamera nyingi katika orodha ile zinasaidiwa kutoa picha tu, na zile zinazoweza kupigishwa picha na kompyuta ni sehemu yake. Kabla hujamaliza bando lako kwa kupakua kitu, tafuta jina kamili la kamera yako kwenye orodha ya programu unayoitaka, pamoja na ile herufi ya mwisho ambayo watu hupenda kuiacha, kisha uangalie imeandikiwa nini: kupiga, taswira ya moja kwa moja, au kunakili pekee. Mkumbuke pia kwamba Canon huuza kamera ileile kwa majina tofauti kulingana na soko. Ile tunayoiita sisi EOS 700D, Marekani ni Rebel T5i na Japani ni Kiss X7i. Wapo waliorudi kwangu wakilalamika kwamba kamera yao haimo, nayo ilikuwamo mistari miwili chini kwa jina la ugenini.

Ukishajua kamera yako inakubali kuongozwa, anza na programu ya kiwanda chenyewe, kwa kuwa hakuna anayeijua lahaja ile kuliko aliyeitunga. Wenye Canon wana EOS Utility, ambayo hutolewa bure na hufanya kazi kwenye Windows na macOS. Inatoa taswira ya moja kwa moja, inapiga kwa vipindi, na inakuruhusu kuchagua picha ihifadhiwe wapi, jambo ambalo nitalirudia baadaye kwa urefu. Wenye Sony wana Imaging Edge Desktop, nayo ya bure, ila wengi hukwama mlangoni kwa sababu hawakuingia kwenye menyu ya kamera na kubadili muunganisho wa USB uwe «PC Remote». Bila hivyo kamera hujitambulisha kama flashi ya kuhifadhia mafaili, na programu inakaa inasubiri kitu ambacho hakitakuja. Wenye Nikon kwa miaka mingi walilazimika kununua Camera Control Pro 2. Siku hizi kuna NX Tether ya bure, lakini imetengenezwa kwa ajili ya kamera mpya zaidi, na Nikon nyingi ninazoziona mikononi mwetu huku Nyanda za Juu Kusini zimekwisha kupita kwa mmiliki wa pili au wa tatu. Fujifilm nao wana programu zao; sioni zaidi ya kamera mbili za Fujifilm humu ukumbini, basi wenyewe tutaonana pembeni.

Kwa mwenye Nikon ya zamani na kompyuta ya Windows, chaguo langu la kwanza ni digiCamControl. Ni ya bure, ni huria, na inaongoza Nikon na Canon nyingi pamoja na baadhi ya Sony. Inapiga kwa vipindi, inapiga mfululizo wa picha zenye mwangaza tofauti, inasogeza fokasi kidogo kidogo kwa ajili ya picha za vitu vidogo, na ndani yake mna seva ndogo ya wavuti, kiasi kwamba simu iliyo kwenye waifai ileile inaweza kufungua kivinjari na kuona picha ya mwisho iliyopigwa. Sura yake haipendezi. Vitufe vimebanana kama abiria wa daladala ya Uyole saa kumi na mbili jioni, na siku ya kwanza utatafuta kimoja kwa dakika tano. Siku ya tatu mkono unakwenda wenyewe.

Kwa wanaotumia Linux, na najua vijana wa vyuo mnaipenda kwa sababu inaihuisha kompyuta ambayo Windows ilikwisha kuikatia tamaa, programu za viwanda nilizozitaja hazitawasaidia, lakini hamkosi kitu. Juu ya libgphoto2 ileile kuna Entangle, yenye dirisha na vitufe vya kawaida. Kuna darktable, ambayo kazi yake kubwa ni kusafisha picha za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata, lakini ina sehemu yake ya kuongozea kamera. Na kuna gphoto2, isiyo na dirisha lolote, ambayo huiandikia amri kwa maneno. Ugonjwa wa kawaida kwenye Linux ni kwamba ukichomeka kamera, mfumo hujifanya mkarimu ukaifungua kama folda ya picha, na programu yako inapokuja inaambiwa kifaa kimekwisha kushikwa. Dawa yake ni kuitoa kamera kwenye kidirisha cha mafaili kwanza, bila kuuchomoa waya, ndipo ufungue programu. Wenye Mac nanyi msicheke, maana huko nako kuna programu ya mfumo inayowahi kuikamata kamera kabla yenu.

Za kulipia ni mbili zinazostahili kutajwa hapa. Capture One, inayotengenezwa Denmark, husifiwa sana na wapiga picha wa matangazo, na sifa hizo imezifanyia kazi: picha inaingia haraka, na marekebisho ya rangi uliyoyafanya kwenye picha ya kwanza yanahamia yenyewe kwenye zote zinazofuata, hata mwenye bidhaa anayetazama haoni kamwe picha mbichi. Lightroom Classic wengi mnayo tayari kwa ajili ya kusafishia picha, nayo inaongoza Canon na Nikon, ila vidhibiti vyake ni vichache. Kama kazi za bidhaa unazipata kila wiki, gharama itarudi. Kama ni mara mbili kwa mwaka, tumia za bure. Zile nakala zilizochakachuliwa zinazosambazwa kwenye flashi, mbali na kwamba ni wizi, hazifai hasa kwa kazi hii, kwa kuwa programu ya kuongoza kamera huhitaji kusasishwa kila kamera mpya inapotoka, na aliyechakachua hathubutu kuisasisha. Nimemwona mtu akibadilisha kamera halafu akabaki na programu isiyoitambua, akarudi kumtafuta aliyemuuzia flashi, na huyo naye alikuwa amekwisha hama kibanda.

Hadi hapa nimesema mambo ambayo mngeweza kuyasoma wenyewe. Haya yanayofuata nimeyalipia.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya mahafali. Kamera ilikuwa kwenye stendi, waya wa mita tano umelala sakafuni, televisheni ya inchi 43 imetazama foleni ya wazazi, na kijana wangu ameketi kwenye kompyuta. Programu niliyotumia siku ile sitaitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu kama lilivyokuwa lake. Ilikuwa imepangwa kuhifadhi picha kwenye kompyuta pekee, nami sikuwahi kuuangalia mpangilio huo. Kwenye saa tano hivi bibi mmoja aliyekuja kumpongeza mjukuu wake alipita kati ya stendi na meza, kiatu chake kikanasa waya, waya ukachomoka. Kamera haikuanguka, tukamshukuru Mungu, tukachomeka, taswira ya moja kwa moja ikarudi, tukaendelea. Mlio wa shata ulisikika kila mara. Televisheni iliendelea kumwonyesha mhitimu mmoja yuleyule, na kijana wangu akadhani inachelewa kama ilivyokuwa ikichelewa asubuhi. Alipoifunga programu na kuifungua upya, wahitimu sita walikuwa wamekwisha kupigwa, na picha zao hazikuwa kwenye kompyuta, na kwa kuwa kadi ilikuwa imenyimwa kazi, hazikuwa kwenye kadi pia. Watatu niliwapata getini. Watatu wengine nililazimika kuwarudishia fedha na kuwaomba radhi wazazi wao kwa simu, na mmoja wa wazazi hao alikuwa ametoka Ludewa.

Tangu siku hiyo siipimi programu kwa wingi wa vitufe vyake. Naipima kwa kuchomoa waya. Kabla sijaipa kazi ya mtu, naiwasha nyumbani, napiga picha kumi, na kwenye ya tano nauchomoa waya makusudi, naendelea kubonyeza kwa kitufe cha kamera yenyewe, kisha nauchomeka tena na kutazama programu inafanya nini. Programu ya kuaminika inapiga kelele mara moja kwamba kamera imepotea. Ikirudishiwa waya inaendelea bila kufungwa na kufunguliwa upya, au angalau inasema wazi kwamba inataka kufunguliwa upya. Na mwishoni nikifungua kadi nakuta picha zote kumi. Ile inayonyamaza, ikaendelea kuonyesha picha ya zamani kana kwamba hakuna lililotokea, siichukui hata kama kila mtu anaisifu. Jaribio hili huchukua dakika kumi. Baada ya hapo najaribu pia kuizima kamera katikati ya kazi na kuijaza diski ya kompyuta hadi ikaribie kufurika, maana nayo ni hali inayotokea, hasa kwa sisi tunaohifadhi filamu za harusi za miaka mitatu kwenye kompyuta moja.

Kuhusu kadi nasisitiza zaidi, kwa sababu ndipo ilipo akiba yako. Katika EOS Utility unaweza kuchagua picha ziende kwenye kompyuta na kwenye kadi kwa pamoja, na digiCamControl nayo ina chaguo la kutumia kadi. Katika gphoto2, kwenye kamera za Canon nilizozijaribu, amri «gphoto2 --set-config capturetarget=1» ndiyo inayoielekeza kamera iandike kwenye kadi badala ya kwenye kumbukumbu yake ya muda, ambayo hufutika kamera ikizimika; na ukiongeza neno «--keep» wakati wa kupokea picha, nakala ya kwenye kadi haiguswi. Utaambiwa kwamba kuhifadhi mara mbili kunapunguza mwendo. Ni kweli, kidogo. Kwa picha ya RAW ya kamera ya megapikseli 24, ambayo huwa na takriban megabaiti 25, unaongeza muda usiotosha hata mhitimu mmoja kuteremka jukwaani na mwingine kupanda.

Kisa cha pili ni cha maharage. Mwalimu mmoja wa baiolojia aliniomba nimtengenezee filamu ya maharage yakiota, ili wanafunzi waone kwa dakika moja jambo linalochukua zaidi ya wiki. Tulipanga picha moja kila baada ya dakika 10 kwa siku tisa: picha 144 kwa siku, jumla 1,296, na kwa mwendo wa picha 25 kwa sekunde hiyo ni filamu ya sekunde 52 hivi. Niliweka kopo la maharage kwenye chumba chenye taa moja isiyozimwa, nikafunika dirisha kwa blanketi, nikaunganisha kamera na kompyuta ya mezani, nikaipa programu amri moja ndefu ya siku tisa, nikarudi studio. Usiku wa nne, saa nane, umeme ulikatika. Ulirudi baadaye usiku uleule, lakini kompyuta haikuwaka yenyewe, na hata ingewaka, programu isingejua kwamba ilikuwa katikati ya kazi. Nilifika saa mbili asubuhi. Saa sita zilikuwa zimepotea, sawa na picha 36, ambazo kwenye filamu hazifiki hata sekunde moja na nusu. Ila ndizo saa ambazo shingo ya mharage ilipasua udongo ikajinyoosha. Filamu inaonyesha udongo mtupu, halafu ghafla mche umesimama.

Mara ya pili nilibadilisha mambo matatu. Nilitumia kompyuta ya mkononi ya zamani yenye betri inayodumu saa mbili, badala ya ile ya mezani, ingawa baadaye nilikuja kujua kwamba kompyuta nyingi za mezani zina mpangilio wa kuziwezesha kuwaka zenyewe umeme unaporudi. Kamera, iliyokuwa ikipata umeme kwa betri bandia ya kuchomekwa ukutani, pamoja na taa yake, niliiweka kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme, ile UPS tunayoitumia studio. Na lililo kubwa kuliko yote, niliacha kuipa programu amri moja ya siku tisa. Niliiwekea gphoto2 amri fupi ya picha moja, nikaiandika kwenye ratiba ya mfumo iitwayo cron, iiamshe kila baada ya dakika 10. Tofauti yake ni hii: amri ndefu ikikatika katikati imekufa yote, lakini amri fupi ikishindwa, unapoteza picha moja tu, na baada ya dakika 10 inaamka nyingine isiyojua kwamba mwenzake alishindwa. Umeme ulikatika mara mbili katika siku zile tisa. Mwalimu hakujua hadi nilipomwambia.

Kwa hiyo mwenye kazi ya kukaa na watu, kama mahafali na bidhaa, achukue programu yenye dirisha, ambayo jicho la msaidizi litaona mara moja kitu kikiharibika. Mwenye kazi ya kuiacha kamera peke yake achukue ile isiyo na dirisha, hata kama kuandika amri kunamkera, maana programu ya dirisha imetengenezwa ikitegemea kwamba kuna mtu ameketi mbele yake. Sijaona hadi leo programu moja inayozifanya kazi hizi mbili vizuri kwa usawa, na nimeacha kuitafuta.

Wanaopanga kupiga picha za vipindi nje, ukungu ukipanda mlima Loleza au maua ya Kitulo yakifunguka, wazingatie baridi. Uwanda wa Kitulo uko juu ya mita 2,600, na betri iliyodumu saa nne mjini haitadumu hivyo huko alfajiri ya mwezi wa saba. Taswira ya moja kwa moja ndiyo inayokula betri kuliko kitu kingine, basi itumieni kupanga fokasi, kisha muizime, na lenzi muiweke kwenye fokasi ya mkono ili isianze kutafutatafuta gizani. Pigeni pia hesabu ya shata. Picha moja kila sekunde 30 kwa saa 12 ni picha 1,440 kwa siku. Kamera nyingi za daraja tunalolitumia shata yake hukadiriwa kufikia mapigo 100,000 hivi, na kwa mwendo huo siku 70 zimeimaliza. Nimemkatalia mteja mmoja aliyetaka kila sekunde tano kwa ujenzi wa nyumba yake wa mwaka mzima. Ghorofa haikui kwa sekunde tano.

Waya nao si wa kudharau. Waya wa USB 2.0 kwa kanuni hauzidi mita tano. Ukitaka zaidi ununue ule wenye kikuza nguvu ndani yake, usiunge viwili vya kawaida, maana kamera itakuwa inapotea na kurudi na wewe utailaumu programu. Mlango wa USB wa kamera ni dhaifu na kuutengeneza ni gharama, kwa hiyo mimi huufunga waya kwenye mguu wa stendi kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, nikauachia mkunjo kidogo karibu na kamera, ili atakayejikwaa avute stendi badala ya kuuvunja mlango. Waifai kwa kamera zenye uwezo huo inafaa kwa picha chache za JPEG. Kwa RAW mfululizo ni polepole mno, na ukumbi wenye simu mia tatu huivuruga.

Mezani pale nyuma nimeweka kompyuta tatu: moja ya Windows yenye digiCamControl na EOS Utility, moja ya Linux yenye Entangle na gphoto2, na Mac niliyoiazima. Nyaya zipo za aina nne, na naomba zirudi zote nne. Aliyekuja na kamera yake asogee nayo pamoja na kadi tupu. Tutapiga picha kumi, waya tutauchomoa kwenye ya tano, kisha tutafungua kadi tuhesabu. Tutaanza na dada wa Makambako mwenye Nikon D7100, maana gari lake linaondoka saa nane.